Ripoti ya Wiki Moja Ufukweni

Jumanne tulikuwa kwenye foleni ya kugawiwa sabuni katika ofisi ya kijiji, wengi wetu wanawake wenye watoto mgongoni. Mbele ya meza alisimama mama mmoja, mkulima wetu bora wa mahindi. Zawadi yake ilikuwa wiki moja katika hoteli ya ufukweni, huko pwani. Sasa katibu wa kijiji alitaka ripoti, ndipo aamue kama mwakani atapelekwa mwanamke tena.

"Shikamoo, mama. Siku ya kwanza ulifanya nini?"

"Marahaba. Nililala."

"Ya pili?"

"Nilikunywa chai, nikalala."

Katibu aliweka kalamu chini. "Hakukuwa na mashua? Kuogelea? Muziki?"

"Vyote vilikuwapo. Kila asubuhi mhudumu alinitajia, nichague ninachopenda. Nikachagua kitanda."

"Basi mwakani tutapeleka mwanamume anayejua kuogelea."

Yule mama alikaza kanga kiunoni.

"Ndugu Katibu, nimelea watoto saba. Tangu niolewe sijawahi kulala mpaka jua likachomoza. Mlisema nikapumzike. Kama mlinituma kazi, mbona hamkunipa jembe?"

Katibu alimtazama, akacheka taratibu, kisha akaandika huku akisoma kwa sauti: "Alishiriki mapumziko kikamilifu. Mwakani aende mwanamke mwingine."

Wasomaji wangu, mimi kuogelea sijui, na mashua naiogopa. Lakini tangu juzi nimeanza kupanda mahindi kwa mistari.