Mjukuu Mapajani

Tangu nipasuliwe koo, wenzangu wa Mwaloni, ninakouza dagaa, wananiambia nimepona. Kisa? Sikoromi tena. Hebu niacheni! Kukoroma kumekwisha, na kukatika pumzi usingizini kumepungua, lakini usingizi wa mchana bado unanivamia. Daktari alisema wengine hubaki hivyo, nirudi anipime tena. Sikurudi. Na binti yangu alipojifungua sikumwambia kuwa bado nasinzia, maana angemwita mama mkwe wake aje badala yangu. Mwanangu ahudumiwe uzazini na mwingine, nami nipo? Thubutu!

Nikahamia kwake Buswelu. Asubuhi moja nilimchemshia maji, nikampelekea bafuni. Nikiwa kwenye kochi, akaniwekea mtoto mapajani.

"Naenda kuoga, Mama. Mshike vizuri."

"Nimelea wanne, wewe ukiwemo. Nenda!"

Hata mlango wa bafu haujafungwa, nikausikia usingizi unakuja. Kope zikawa nzito. Nikajifinya. Nikamtania mjukuu, "Wewe mume wangu, niongeleshe basi, mkeo analala." Kichwa kikaanguka mbele, nikashtuka. Sakafu ya saruji ilikuwa pale chini ya miguu yangu, na mtoto hata shingo hajakaza. Niite? Nikiita, nimejianika. Nikateremka taratibu nikakaa mkekani, mgongo ukutani, nimemkumbatia. Nikajiambia, hata akiteleza, hataanguka mbali.

Nilipofumbua macho, mapaja yalikuwa matupu.

Nikapiga yowe. Nikapapasa mkeka, nikainua kanga, nikapapasa chini yangu mwenyewe. Mungu wangu, nimemlalia!

"Mama! Mama, huyu hapa."

Binti yangu alikuwa amesimama karibu na mlango, mtoto begani. Nikamtazama. Kanga yake ilikuwa kavu, na miguu yake mikavu.

"Hukuoga?"

"Tangu uje sijaoga tukiwa wawili tu, Mama. Huwa nasimama hapa nawaangalia. Naoga mume wangu akirudi."

"Ulijua?"

"Siku ya kwanza tu nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Hasira zikanipanda. Nani kamfundisha kumpeleleza mama yake? Nikafungua mdomo nimfokee, kikatoka kilio. Akachuchumaa, akaninyooshea mtoto nimshike tena. Mikono yangu ilimtaka, jamani.

"Mlaze kitandani," nikamwambia. "Nenda kaoge, maji yanapoa."