Kitanda Bado Hakijaisha

Watu wa mradi walipofika Kalembe mara ya kwanza, walitukuta tukivuna maharagi, kwa hiyo walihutubia wamama wachache na mbuzi wa mchungaji. Waliporudi walileta biskuti, na uwanja wa kanisa ukajaa.

Walisema huko Goma kuna kiwanda kinachotengeneza madawati, milango na makabati, na kwamba kinakosa mafundi wanaoweza kutengeneza vitu vyote kwa kipimo kimoja. Badala ya kuwatafuta mbali, wangewalea hapa kwetu, kisha kiwanda kingewafuata, yote kwa njia ya patenaria, yaani ushirikiano, na jamii. Mwalimu wa mradi, baba mmoja mwenye buti safi kuliko kitu chochote kilichowahi kupita barabara yetu, alilirudia neno patenaria mpaka wamama wakawa wanalipigia makofi kabla hajalimaliza.

Nilikaa nyuma, mahali ninapokaa siku zote. Lakini nadhani hakuna aliyesikiliza kama mimi. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameenda kwenye karé, kule machimboni Walikale, na kitu kilichorudi nyumbani ni salamu tu. Mama alikuwa ameniambia, "Weye utabaki. Tafuta kazi ya mukono, hata kama iko kidogo." Kazi niliyoijua kidogo ni useremala. Nilikuwa nimejifunza kwa seremala mmoja wa Mpofi, nikilainisha mbao zake kwa rabo, ile randa ya kusukuma kwa mikono miwili, mpaka vita ilipomhamisha na akaondoka na vyombo vyake. Seremala asiye na rabo ni mtu anayetazama mbao. Nisipopata rabo, ningemfuata kaka kwenye karé. Mama alilijua hilo, nami nililijua, na hatukulizungumza.

"Jamii yenyewe ichague vijana," mwalimu wa mradi alisema.

Jamii ilichagua kama inavyochagua kila kitu, yaani kwa kuhakikisha hakuna anayekasirika. Kijiji chetu kimekaa pale Masisi inapogusana na Walikale, kwa hiyo ilibidi pande zote mbili zilingane. Kisha kila kanisa likataka mtu wake. Kisha wakimbizi wa kambi ya Kashuga wakasema nao ni jamii. Kisha chifu akakumbuka kwamba ana wapwa. Hakuna aliyeuliza nani anaweza kushika msumeno. Na kwa kuwa mambo ya wageni yanahitaji watu wanaojua kusema, makanisa yalituma wasemaji wao: kiongozi wa kwaya, shemasi mmoja kijana, na kijana anayetangaza mechi za mpira. Mimi niliingia mwisho, mjadala ulipokwama kwenye nafasi moja iliyobaki.

"Muweke ule mutoto asiyesema," mtu mmoja alipendekeza. "Hata akiwa wa upande ya bengine, hatutasikia."

Pande zote mbili zilikubali.

Kambi ya Kashuga ilimtuma dada mmoja mwenye mabega mapana na mdomo usiolala. Alijifunza kupasua mbao na baba yake kabla hawajakimbia, na huyo ndiye aliyekuwa fundi wetu wa kweli. Alichaguliwa, nilivyosikia, ili kambi ipumzike na maswali yake.

Mafunzo yalianza kwa chaki. Tulijifunza roho ya kiwanda. Tulijifunza kufika kwa saa, na tukakaa kumngoja mwalimu, kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Tulijifunza kuchora dawati likitazamwa kutoka juu, kutoka mbele, na kutoka upande ambao mwanafunzi hatauona kamwe. Shemasi aliipenda sana pembe ya nyuzi tisini na akaiingiza katika maombi yake.

Siku moja dada wa Kashuga aliinua mkono. "Papa Mwalimu, hii kiwanda itafika huku siku gani?"

"Siku mafundi watakuwa tayari."

"Na mafundi watakuwa tayari siku gani?"

"Mafundi wanakuwaka tayari mu kiwanda."

Dada alishusha mkono. "Aksanti. Sasa njo nimeelewa patenaria."

Hatimaye vyombo vilifika: sanduku la chuma lenye misumeno, patasi, nyundo, na rabo mpya kabisa, iliyokuwa bado na mafuta. Tulifanya kazi nayo siku chache tu, kwa zamu, kila kanisa na zamu yake. Zamu yangu ilipofika niliusukuma ubao mara moja, na taka ya mbao ikatoka ndefu, nyembamba, ikajikunja kama nywele. Nilihisi kifua kinafunguka. Kisha mtangazaji wa mpira akasema zamu imekwisha.

Siku ya kufunga mafunzo tulipewa karatasi zenye muhuri. Sanduku la vyombo halikupewa mtu. Lilikabidhiwa "mikononi mwa jamii", na mikono ya jamii iliposhindwa kupatana ni mikono ya nani, watu walikumbuka Mama wa sufuria.

Huyu Mama ndiye anayetunza sufuria kubwa za mtaa wetu. Hazina mwenyewe, ni za watu wote, na kwa sababu hiyo hazitoki ovyo. Zinatoka kwa kilio na kwa arusi. Ukifiwa, unaenda kwake, unasema, anakupa bila neno. Zinakaa kwako mpaka shughuli yako iishe, hata kilio kikiwa kirefu, kisha unazirudisha zimesuguliwa. Hakuna sufuria iliyopotea. Wageni waliposikia hayo walifurahi sana, wakaandika kwamba jamii ina mfumo wake wa kutunza mali. Sanduku likawekwa chini ya kitanda chake, kando ya sufuria.

Kesho yake dada wa Kashuga alienda kuomba msumeno. Nami nilimfuata, nikasimama nyuma yake.

"Nani amekufa?" Mama aliuliza.

"Hakuna, Mama. Ni kwa kazi."

"Kazi gani? Kilio ao arusi?"

"Kazi tu. Kufanya madawati."

Mama alimtazama kwa huruma. "Mutoto wangu, hii ni vyombo ya batu yote. Nikiitoa kwa kazi ya muntu moja, wengine watasema nini?"

Hivyo mafundi wote wa Kalembe, wenye karatasi zenye muhuri, walikaa wakingoja mtu afe.

Haikuchukua muda. Bibi mmoja mzee wa upande wa Walikale alifariki katika usingizi, na sanduku letu likatoka siku hiyohiyo ili tumtengenezee sanduku lake. Tulipima, tukakata, na mimi nikashika rabo tangu asubuhi bila mtu kunipokonya, maana wasemaji walikuwa wanasema kwenye kilio. Shemasi aliwaeleza wafiwa habari za nyuzi tisini. Waombolezaji walizunguka lile jeneza, wakagusa pembe zake, wakasema marehemu amepata bahati.

"Sasa tunajua kiwanda yetu inatengeneza nini," dada aliniambia kwa sauti ya chini.

Kilio kilipoisha, Mama alikuja kuchukua sufuria na vyombo. Dada alimsindikiza akimtania. "Mama, tungoje mungine afe?"

"Ao mungine aoe," Mama alijibu. "Kitanda ya arusi, hiyo inahitaji rabo. Siwezi kukatala."

Dada aligeuka akanitazama. Nikatazama mahali pengine, lakini nilikuwa nimesikia.

Kwetu kijana anayetaka kuoa anatengeneza kitanda kwanza. Nilizunguka nyumba ya Mama wa sufuria siku kadhaa kabla ya kupata nguvu ya kubisha. Alipofungua, maneno niliyoyapanga yote yaliondoka.

"Unatafuta nini, mutoto?"

"Kitanda," nilisema.

"Kitanda gani?" Nikatazama miguu yangu. "Ah. Ya arusi?" Niliendelea kutazama miguu. "Na bibi arusi ni nani?" Nilijua miguu yangu vizuri siku ile. "Basi, usiseme. Weye na haya yako. Beba sanduku, iko nzito."

Nililibeba mpaka barazani kwetu, nyuma ya jiko. Mama yangu aliliona, akaenda kuchota maji bila kuuliza.

Kitanda nilikianza kweli. Mguu wa kwanza nilipiga rabo kwa uangalifu, kwa sababu kitanda cha arusi hakitaki haraka. Kati ya mguu wa kwanza na wa pili nilitengeneza vigoda vya jirani. Kati ya wa pili na wa tatu, mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliagiza madawati, na tukayafanya yote kwa kipimo kimoja, kama kiwanda kilivyotaka. Nasema tukayafanya kwa sababu dada wa Kashuga alikuwa amekuja na kushika msumeno upande wa pili bila kuitwa. Kiongozi wa kwaya huja kupiga sandapepa na kuimba. Kitanda kimeegemea ukuta, na kila mtu anayepita anauliza arusi ni lini.

Barabara ilipofunguka, mwalimu wa mradi alikuja na wageni wenye kamera. Walitupiga picha, wakasema patenaria imezaa matunda.

"Na kiwanda, Papa Mwalimu?" dada aliuliza.

"Kinakuja. Kinangoja barabara tu."

"Hii yenye mulipitia?"

Alisema hiyohiyo.

Juzi Mama wa sufuria mwenyewe alifika. Rabo ikasimama mkononi mwangu. Alikizunguka kitanda, akahesabu.

"Miguu tatu."

"Ndiyo, Mama."

"Tangu mvua ya kwanza."

"Ndiyo, Mama."

Alivuta kigoda nilichotengeneza, akakaa, akakitikisa kwa makalio, nacho hakikutikisika.

"Mulango yangu inaingiza panya," alisema. "Utanifanyia ingine?"

"Nitafanya, Mama."

"Basi kitanda isiishe kabla ya mulango." Alisimama, akamtazama dada aliyekuwa amepiga goti juu ya ubao. "Na huyu, anajua kama kitanda ni yake?"

Dada hakuinua kichwa. "Mie ninangoja muguu ya ine, Mama. Nikiiona, njo nitajibu."

Mama wa sufuria alicheka mpaka barabarani. Mimi sikuweza kucheka, masikio yalikuwa yanawaka. Mguu wa nne nilikwisha kuupiga rabo zamani. Uko pembeni, chini ya lundo la taka za mbao. Mama yangu anafagia baraza kila jioni, na akifika kwenye lundo lile, analizunguka.