Kitufe cha Kujifungia

Siku Athanas alipomwona Nyanchama kwa mara ya kwanza, dada huyo alikuwa kwenye kiti cha mbele cha basi la wafanyakazi wa kigeni, kutoka Al Rayyan kwenda hotelini Al Sadd, akimfokea mtu kwenye simu kwa Kifaransa. Athanas, dereva, alikuwa mtu wa haya. Hakumsalimu. Ilimchukua wiki nzima kumuuliza Kifaransa hicho alikitoa wapi.

"Bujumbura, Baba Tiffany," alijibu, akimwita kama abiria wote walivyomwita. "Mama alikuwa akiuza mitumba huko. Shuleni ukikosea Kifaransa ulichapwa, ukipatia ulichekwa. Nikachagua kuchekwa."

Kazi ya Nyanchama hotelini ilikuwa mapokezi. Siku za mapumziko aliandikia tovuti moja ya ng'ambo, akiwalinganishia wasomaji wa Kifaransa michezo ya kamari ya mtandaoni: ipi inamwekea mchezaji kikomo, ipi inamfungia akiomba, ipi inamwacha azame.

"Mimi naokoa watu," alisema, na alisema kweli tupu kwa jinsi alivyojiona.

Athanas akaona amepata mwokozi. Mkongo aliyelala naye chumba kimoja alikuwa amemwingiza kwenye tovuti tatu za Kifaransa, akamwonyesha pa kuweka pesa na pa kucheza. Pa kutokea hakumwonyesha, na Athanas, aliyeishia darasa la saba, hakuweza kupasoma. Nauli ya kwenda nyumbani ilikuwa tayari benki. Desemba Tiffany angeolewa, na alitaka baba yake amtoe kwa mkono wake mwenyewe.

"Nifungie, dada yangu. Zote tatu, kabla mkono haujaniwasha."

Nyanchama akachukua simu ya Athanas, akaziandikia zote ujumbe mmoja: nimeshindwa kujizuia, naomba mnifungie. Ya kwanza ilimfungia siku ileile. Ya pili ilimhoji, kisha ikamfungia. Ya tatu ikamzawadia michezo ya bure.

"Ala! Hawa ni fisi!" Nyanchama akapiga makofi kwa furaha. "Wacha tuone watafika wapi."

"Na mimi je?"

"Wewe ngoja tu. Usiguse."

Mlevi aachiwe chupa, aambiwe asiguse! Athanas alianza na ile ya bure. Ya bure ikaisha, nauli ikafuata. Tiffany alitolewa na baba yake mdogo. Athanas alitazama arusi kwenye simu, basi likiwa limeegeshwa kando ya barabara, abiria wakimpigia kelele kwamba wanachelewa.

Kesho yake alimuuliza Nyanchama kama kweli hapakuwa na njia nyingine ya kujifungia kwenye ile ya tatu.

"Ilikuwepo. Kitufe kiko chini kabisa ya ukurasa. Nilikiona siku ya kwanza."

"Ukaniacha?"

"Ningekibonyeza mimi, ningejuaje wao wangefanya nini? Kulinganisha ni kulinganisha, Baba Tiffany."

"Mzee, kumbe wewe ulikuwa panya wa maabara!" Wanjohi, abiria mmoja, akapaza sauti kutoka nyuma, na basi zima likaangua kicheko.

Jioni hiyo Athanas aliomba kuhamishiwa njia ya Al Wakrah. Asubuhi ya mwisho, walipofika Al Sadd, Nyanchama alishuka, akasita, akamgeukia dirishani, uso umejaa huruma.

"Usihuzunike, baba. Ile ya tatu nimeiponda vibaya sana. Hakuna Mfaransa atakayeigusa tena."