Kichwa cha Samaki cha Ignasi

Mume wangu Ignasi ni fundi baiskeli wa Kipatimu, mtu asiyedai makuu. Ila miaka kumi na tisa ya ndoa amenisimulia jinsi alivyokuwa akiporwa kichwa cha samaki utotoni, mpaka nimekinai.

Enzi hizo Shibe Hoteli ilikuwa na matawi matatu: Kilwa Masoko, Nangurukuru na Mchinga. Kila wakishauza korosho, baba yake alimpeleka la Nangurukuru. Mwenye hoteli, Mzee Huseni wa Njinjo, alikuwa mtani wao. Sahani ikitua tu, huyo anakuja, ananyakua kichwa cha samaki, anakitafuna mbele yao huku akiwatukana kwa raha zake. Na mtani hanuniwi. Ignasi alikuwa akicheka mpaka anapaliwa.

Mwezi uliopita tulishuka Nangurukuru kununua spoku, akanivuta hukohuko Shibe. Mungu wangu, vioo kila upande, wahudumu na glovu mikononi, wanatuita wateja wapendwa. Ignasi akaagiza changu mzima wa kukaanga, akatulia, mikono magotini.

Samaki akaja. Hakuna aliyemgusa. Nikamwambia ale, akaniambia nisiwe na haraka. Akakisogeza kichwa ukingoni mwa sahani, upande wanaopita wahudumu. Binti mmoja akakirudisha katikati kwa uma, akaomba radhi. Ignasi akaona achokoze: akamwambia watu wa Njinjo wanajua kula tu, kupika hawajui. Binti akaomba radhi tena, akamletea soda ya bure na karatasi ya maoni.

Nilikuwa nimekasirika, maana njaa iliniuma. Lakini nilipomtazama usoni nikamhurumia. Mtu mzima na mvi zake, anakaribia kulia kwa sababu hajaibiwa.

Akaandika kwenye ile karatasi: "Mimi ni Mmatumbi. Nimekaa saa nzima na kichwa changu."

Karatasi ikapelekwa ofisini. Akatoka mama wa makamo, suti ya bluu, kifuani kibandiko: Mboni Huseni, Meneja. Akaja mpaka mezani kwetu, akavua miwani, akaiweka. Kisha akanyakua kichwa cha samaki, akachomoa jicho na kulifyonza mbele ya wateja wapendwa wote.

"We Mmatumbi, nani kakuruhusu kukaa kwenye kiti?" akasema. Halafu akakirudisha kichwa sahanini. "Baba alipofariki niliwangoja watani mje mzuie jeneza mlangoni mpaka tuwalipe. Hamkuja hata mmoja."

Ignasi akajibu kwamba hawakupata habari. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka, sijui kipi kilitangulia. Akaichukua ile miwani, akaivaa yeye.

"Basi hii naondoka nayo. Uje Kipatimu uikomboe."

Alipepesuka nayo mpaka stendi, haoni mbele, mimi namshika mkono.

Jumapili Mboni akaja, barabara yote ile mbovu, kuikomboa miwani yake. Nikawapikia changu. Wakakaa wanatukanana, kila mmoja anamvizia mwenzake ajisahau, mpaka walipogundua kwamba samaki hana kichwa.

Nilikuwa nimeshakila jikoni.