Zaituni, mashine yako inasikia kila kitu

Kichwa changu kinakataa. Zaituni amekufa juzi, na leo asubuhi nimebeba chai yake mpaka kwa mulango wake, kama mujinga.

Ninaandika mwenyewe, na kidole changu. Masomo yangu ilikuwa kidogo, munajua. Kama kuna kosa, musome hivyo hivyo na munyamaze.

Kwa wale hawakumujua: Zaituni njo ile sauti ya komunike za vifo kwenye redio yetu hapa Kindu. Alikuwa anazirekodi kwake nyumbani, mutaa wa Kasuku, kwa ordinatere, ile kompyuta ya mezani, kisha anazipeleka redioni. Mimi ni jirani yake na mukubwa wake. Aliniita yaya, dada mukubwa. Mimi nilimwita kichwa ngumu.

Wakati wa vita hatukuwa na simu. Treni ilisimama, barabara ilikufa. Kulibaki foni tu, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, inayotumia batri ya gari. Zaituni njo alikuwa anaishika. Sisi tulikaa chini tukingoja majina ya watu wetu.

Mutoto wangu alikuwa amekimbilia upande wa Lubutu. Siku moja Zaituni akainua kidole, wote tukanyamaza. Mimi nilisikia shaa shaa tu. Yeye akafunga macho. Akasema, "Yaya, ni yeye. Anagombeza muntu wa foni kule. Ni wako kabisa."

Ile siku nilirudia kula chakula.

Sasa ninyi mulisema Zaituni amepoteza akili, bibi muzee anazunguka muji kutafuta vantilatere, feni ya ordinatere. Mulisema, nilisikia. Hamukujua yale masikio.

Ordinatere yake ilikuwa inalia. Ndani kuna kafeni kadogo kanapoza prosesere, pale mashine inafikiria. Joto letu likipanda kanakimbia, vuuuu, na ile vuuuu inaingia kwa mikro. Nilimwambia, "Wafu wako unawatangazia ndani ya ndege?" Akasafisha vumbi. Akabadilisha ile pomadi nyeupe inayopakwa chini ya feni. Bado ililia.

Halafu mwanamuke mumoja akasimama kwa mulango wake, ametoka Kailo. Baba yake alikufa huku mujini. Kule walisikiliza redio, wakasikia kelele tu. Walifika udongo wa kaburi umekauka. Hakutukana. Aliuliza, "Mama, ulimutaja baba?"

Zaituni alikuwa amemutaja. Alikaa kibarazani mpaka giza.

Sisi Waislamu hatumukawishi muntu. Asubuhi amekufa, alasiri amezikwa. Jina lisiposikika mara ya kwanza, basi.

Tukaenda dukani kwa muntu wa Butembo. Akatoa vantilatere yenye taa za rangi. "Hii njo yenyewe, mama. Vijana wote wanaitaka."

"Mimi ni kijana?" Zaituni akamuuliza. "Washa nisikie."

Akaiunga kwa umeme. Zaituni akainama, akafunga macho, sawa na zamani kwenye foni. "Inapiga filimbi. Leta ingine." Akaletewa yenye mipira ya maji. "Hii iko na pompi. Inatafuna kama panya."

Duka lote lilinyamaza kumungojea. Motari mumoja akawasha moto, pikipiki yake, pale inje, nilitoka nikamuzimisha.

Ya mwisho ilikuwa mbaya kwa macho: munara wa mabati membamba, na feni moja pana. Mwenye duka akasema feni pana inasukuma upepo mwingi bila kukimbia. Zaituni alisikiliza muda murefu. Akasema, "Hii inapumua tu."

"Mama, ulipima kisanduku cha ordinatere yako? Hii ni ndefu."

"Itaingia," Zaituni akasema. Na mimi nikasema, "Itaingia." Wazee wawili, hakuna aliyepima.

Haikuingia. Yaani iliingia, lakini kifuniko cha ubavuni kikakataa kufunga. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Zaituni akakata kipande cha neti ya mbu akakibandika pale. Upepo unapita, mujusi hapiti. Mpaka leo iko vile.

Na kelele ilikufa. Majina yakaanza kutoka redioni masafi kama maji ya kisima. Watu wa Kailo wakaanza kufika mapema.

Juzi alipokufa, nyumba yote ikaniangalia mimi. Kaka yake, njo ndugu pekee aliyebaki, alikuwa shambani upande wa Kailo. Kule simu haishiki, redio inashika. Na mazishi ni alasiri.

Nikakaa kwa kiti chake. Nikabonyeza pale nilizoea kumuona akibonyeza. Nikataja jina lake, jina la baba yake, mutaa, saa ya kuzika. Polepole. Nikajisifu ndani ya roho: nimesoma kama muntu mukubwa, sikulia. Kijana mumoja akakimbiza ile rekodi redioni.

Kaka yake alifika juu ya moto ya motari mumoja, matope mpaka magotini, jeneza bado liko ndani. Alimubeba dada yake pamoja na wengine.

Aliporudi kutoka makaburini akanijia. "Mama, nilisikia kila neno." Akapangusa matope kwa goti. "Na ile pua yako ikivuta makamasi ya kilio tuliisikia. Shamba lote."

Zaituni, unaona umenifanyia nini? Maniema yote ilijua mimi silii, sasa imenisikia. Ile feni ya zamani ingenifunika. Ukaenda kuchagua hii.

Lakini kaka yako alifika. Alikutupia udongo na mukono wake mwenyewe.

Basi lala, mudogo wangu, kichwa ngumu. Lala bila kuhangaika. Neti ya ordinatere nimeipangusa vumbi. Kesho kuna muntu wa kutaja, na mimi njo nitamutaja.