Mlezi wa Ukungu

Watu wengine hufuga kuku. Sitti anafuga ugonjwa.

Ni Mnubi wa Old Kampala, mjane, ukoo wa wanajeshi tangu enzi za Mwingereza. Yeye amekabidhiwa adui mdogo kuliko wote: ule ukungu unaogeuza shamba la viazi kuwa uji mweusi ndani ya wiki. Kwenye kituo chetu cha kuzalisha mbegu, kazi yake ni kuuweka hai, ili tuwe na kitu cha kuijaribia miche mipya. Kila Jumatatu anakata kiazi kibichi, anapaka juu yake manyoya meupe kutoka kipande kilichooza, anakifunika ndani ya sahani. Akikosa wiki mbili, unakufa. Miaka kumi na moja haujafa.

"Salaam aleikum, watoto," huziambia sahani.

"Mama, usiwasalimie," mimi humwambia.

"Unaogopa wataitikia?"

"Naogopa wameshaanza."

Chumba cha majaribio tunakiita Kabale, kama ule mji wa milimani, kwa sababu ya baridi. Nje jua la Kampala linakaanga watu. Ndani mvuke umetanda na majani yanadondosha maji, na unahisi kuna mtu amesimama nyuma ya rafu anakusubiri umalize.

Mwaka jana, baada ya mchujo, ilibaki miche miwili. Mmoja hatukuwahi kuuona na doa kwa misimu mitatu; nikauita Bibi Harusi. Wa pili, namba arobaini na saba, uliota madoa kila tulipounyunyizia ukungu, lakini haukufa. Huo niliuita Ndui. Sitti alikuwa ameutafuta kwa miaka minane, akichavusha maua kwa mkono wake. Daktari Odyek, mkuu wetu, akaamua Bibi Harusi aende kwa wakulima wa Kisoro, Ndui akachomwe.

"Daktari," Sitti akasema, "huyu msafi ana kinga moja tu, askari mmoja mlangoni. Hodari, sikatai. Je, akihongwa? Huyu wangu ana walinzi kumi wazembe. Nani atawahonga wote?"

"Mama Sitti, mimi naona madoa."

"Unaona walinzi wakipigana."

Odyek akampa jaribio moja la siku saba athibitishe.

Ukungu wetu wa zamani ulishashindwa na Bibi Harusi, kwa hiyo Sitti akaomba ruhusa ya kuleta mgeni. Kwa binti yake, mtaa wa Kyebando, nyanya zilikuwa zimeungua zote kwa siku tatu, na ugonjwa ni huohuo wa viazi. Akaleta jani moja ndani ya kavera mbili, ile mifuko ya plastiki, akalilea kwenye vipande vya kiazi mpaka likatoa manyoya, kisha akainyunyizia miche yote miwili.

Siku ya nne tangu kunyunyizia, Bibi Harusi alikuwa anang'aa. Siku ya sita vilevile. Ndui alikuwa kama ametoka kupigwa mawe.

"Kesho tunachoma," Odyek akasema. Sitti alikuwa ananusa hewa.

Asubuhi ya saba harufu ilitupokea mlangoni. Bibi Harusi alikuwa bado wima, kijani, mrembo. Sitti akageuza jani moja kwa kidole: chini lilikuwa jeupe lote, kama limeota mvi. Jani likabaki mkononi mwake. Halafu shina likaanza kuinama, polepole, bila upepo, bila mtu kuligusa, sisi watatu tukiliangalia mpaka likalala juu ya udongo.

Ndui alikuwa na mabaka kila mahali. Juu kabisa alikuwa amefungua majani mawili mapya.

Odyek akatoa orodha ya Kisoro, akafuta jina, akaandika arobaini na saba.

"Huko Kyebando," akauliza kwa sauti ya chini, "nyanya zimebaki ngapi?"

"Hakuna, daktari." Sitti alikuwa tayari anakata kiazi kibichi, kwa ajili ya mgeni. "Na jana jirani wa pili wa binti yangu naye alianza kulalamika nyanya zake zinaungua."