Mke Wangu Alisema "Bado", Mimi Nikasema Alisema "Pita"

Admin, nifichie jina, na kazi yangu usiitaje zaidi ya kusema niko mgodini, maana mke wangu naye hupitia ukurasa huu kila asubuhi. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, naishi Kolwezi, nina mke na watoto wawili. Familia zetu zote mbili ni za mkoa wa Kasai, babu zetu waliletwa huku kuchimba shaba. Watu wananiona mtu wa maana, na wakinisifu nasikia aibu mpaka nashindwa kuwatazama.

Tangu ujana nilitamani gari dogo la spoti la milango miwili, lile linalokaa chini chini na kunguruma. Mwaka jana nikayapata mawili kwa muuzaji mmoja hapa mjini, mapacha kabisa, umbo lile lile, viti vya ngozi vile vile. La kijivu lilitoka Ulaya, usukani kushoto. Jekundu lilipitia Dar es Salaam na Zambia, usukani kulia. Huku kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mwenye usukani wa kulia akiwa nyuma ya lori haoni kitu mbele. Aliyekaa kushoto kwake ndiye anayechungulia kwa niaba yake na kumwambia pita au ngoja. Magari ya hivyo yamejaa Kolwezi na tumeshazoea.

Wiki mbili nzima nilikuwa naenda kwa yule muuzaji, nakaa ndani ya hili, natoka, naingia lile. Mke wangu hakuhitaji hata siku moja kuamua.

"Chéri, kamata ile ya grise," aliniambia, yaani la kijivu. "Mi siwezi kukuwa macho yako mu njia yote. Siku ingine nitalala, utafanya namna gani?"

Nikamcheka. Lile jekundu lilikuwa na gia za mkono na mlio mzuri zaidi, na nilishajiona naingia nalo kazini wenzangu wakiacha chai zao. Nikachukua jekundu.

Miezi miwili baadaye tulialikwa harusi Likasi, na mama mkwe akaomba twende naye. Wenye asili ya Kasai mnajua heshima ya mukwe. Mimi na yeye hatukai bega kwa bega, hatuli meza moja, na nikiwa na neno la kumwambia nampa mke wangu alifikishe. Kwa hiyo kiti cha mbele hakikuwa chake. Ilibidi mama wa watu, na pagne yake, kitenge cha harusi, ainame apite nyuma ya kiti kilichokunjwa, aingie kule nyuma ambako hakuna mlango. Niliona aibu kidogo, lakini nikafungua muziki kwa sauti kubwa ili asikie spika.

Njiani tukakuta lori la shaba linajikokota. Nikamuuliza mke wangu kama njia iko wazi. Akachungulia.

"Bado," akasema. "Kuko motoka inakuya. Ngoja."

Nilimsikia. Naandika wazi ili pasiwe na ubishi: nilimsikia vizuri. Lakini nilikuwa nimeshakanyaga mafuta, na nilijiambia gari hili lina nguvu, litawahi. Halikuwahi. Nililikwepa lile gari lililokuwa linakuja, tukatoka barabarani tukaangukia mtaroni kwa upande wa kushoto. Mke wangu aligonga kichwa akapoteza fahamu. Mama mkwe alibanwa kule nyuma mpaka watu wakaja kukata bati. Mimi nilitoka na mchubuko wa kiwiko.

Hospitalini wajomba wa mke wangu walinizunguka wakauliza imekuwaje. Mke alikuwa bado hajaamka. Mdomo wangu ukasema, "Aliniambia pita."

Nilidhani nitasahihisha baadaye. Alipoamka hakukumbuka chochote cha safari ile, hata harusi ilikuwa ya nani. Mama yake, kwa ule muziki wangu, hakusikia neno lililosemwa mbele. Uongo wangu ukabaki peke yake, nao ukawa ndiyo ukweli.

Mama mkwe sasa anatembea kwa magongo na meza yake ya pagne sokoni ameifunga. Miezi mitano hakutaka kumwona mwanawe. Mke wangu alikonda. Hakai tena mbele kwenye gari lolote, hata teksi. Siku moja jikoni aliniuliza, "Kweli mi nilisema pita? Na nilikuwa naangalia?" Nikamjibu, "Achana nayo, ilishapita." Akanishukuru kwa kutomkasirikia. Wakati ule nilitamani anipige.

Wiki iliyopita mama mkwe alinipigia simu yeye mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Tata," akasema, akiniita baba kwa heshima, "bengine bangemurudisha kwetu. Weye ulibakia naye. Juu yako, nitamusamehe. Siku ya Mungu nakuya kwenu na bajomba bake, apige magoti, biishe."

Nikasema tu, "Aksanti, mama," nikakata.

Nikisema ukweli mbele ya wajomba, najua watamchukua mke wangu na watoto siku hiyo hiyo. Nikitaka kumwambia mama mkwe kabla, kwa desturi yetu neno langu linapita kwa mke wangu, yaani yeye ndiye abebe ungamo langu ampelekee mama yake. Nikinyamaza, Jumapili atapiga magoti kwa kosa langu mbele ya watoto wetu, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha heshima.

Jana ameniomba nimsaidie kuandika maneno ya kumwomba mama yake msamaha, kwa sababu akianza mwenyewe analia. Nimeshamwandikia nusu ya karatasi. Ndugu zangu mnaosoma, nitukaneni mkitaka, lakini mniambie: hiyo nusu iliyobaki niandike nini?